Mji Uliotangulia Ramani Yake

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji utakayeyakuta maneno haya gazetini, juma hili naomba tuzungumze habari za njia. Sisemi njia za siasa wala njia kuu za uchumi. Nasema njia ya kupita: kichochoro, mtaa, barabara, ile nafasi iliyobaki kati ya ukuta wa nyumba yako na ukuta wa jirani yako.

Kama unakaa Manzese, Tandale, Vingunguti, Keko Machungwa au Mbagala, huna haja ya kuelezwa. Unajua kwamba mgonjwa akizidiwa usiku hubebwa mgongoni hadi pale gari lilipoishia. Unajua kwamba jeneza likitoka ndani, wabebaji hulazimika kuliinamisha kwenye kona, na wanaofuata nyuma hupita mmoja mmoja kama siafu. Nyumba ikishika moto, gari la zimamoto husimama barabarani likapiga honi, na vijana wakaendelea kumwaga ndoo. Choo kikijaa, gari la kunyonya majitaka halifiki, kwa hiyo watu husubiri mvua kubwa inyeshe ndipo wakitapishe. Siku ya pili watoto wa jirani wanacheza kwenye maji hayo, na siku ya tatu tunaulizana kipindupindu kimetoka wapi.

Imekuwaje tukafika hapa? Majibu ya haraka tunayajua. Mmoja atasema wananchi ni wakaidi, wanajenga ovyo. Mwingine atasema serikali ililala. Kila mmoja ana chembe ya ukweli mkononi. Lakini ukiifuatilia historia ya Jiji hili unakuta jambo moja linalojirudia kwa zaidi ya miaka mia: mahali palipotengwa njia kwanza, hata maskini akaanza na kibanda cha udongo, mtaa ule ulikuja kuwa mtaa wa watu. Na mahali ambapo nyumba ilitangulia, hata mwenye fedha akaporomosha ghorofa, bado anatembea kwenye matope.

Tuanze mbali kidogo. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji kando ya kijiji cha Mzizima, akauita Bandari Salama. Alifariki mwaka 1870, kazi haijafika mbali. Wajerumani walipouhamishia mji mkuu wao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walikuja na ramani, na ramani yao ilikuwa ya kubagua: mashariki kando ya bahari nyumba za mawe za Wazungu, katikati maduka ya Wahindi, na magharibi nyumba za miti na udongo za Waafrika. Waingereza walirithi mpango huo, wakaacha uwanja mpana wa Mnazi Mmoja uwe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1948 mji ulikuwa na watu 69,227. Mwaka uliofuata kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza ikaandika mpango wa upanuzi. Katika miaka ya 1950 mitaa ya Waafrika ya Magomeni, Temeke na Kinondoni ikapimwa na kujengwa, kama Ilala ilivyokuwa imepimwa kabla yake. Sisemi haya kumsifu mkoloni. Lengo lake lilikuwa kumweka Mwafrika mbali na nyumba yake na karibu na kazi yake, tena kwa gharama ndogo. Lami hakuweka, mabomba ya majitaka hakuchimba, na shule zilihesabika kwa vidole. Lakini alifanya jambo moja la kudumu: alivuta kamba. Mtaa ulinyooka, kiwanja kilijulikana kinapoishia, na kati ya safu moja ya nyumba na nyingine ilibaki nafasi ambayo gari lingeweza kupita hata kama mwaka 1955 hakuna mwenye gari.

Juu ya viwanja hivyo Waswahili wakajenga nyumba yao waliyoijua: vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, korido katikati, uwani jikoni na choo, mbele baraza. Mwenye nyumba akakaa chumba kimoja, vilivyobaki akapangisha. Nenda leo Ilala, Magomeni au Temeke ya zamani. Udongo umekuwa matofali, makuti yamekuwa bati, na pengine nyumba nzima imebomolewa ikapanda ghorofa. Mtaa bado upo palepale.

Ukaja Uhuru. Vikwazo vya mkoloni vya kumzuia mtu wa shamba asiingie mjini vikalegea, na watu wakaja. Serikali mpya haikukaa bure. Mwaka 1962 iliunda Shirika la Nyumba la Taifa, nalo likaanza kubomoa vibanda vya udongo na kujenga nyumba za kudumu mahali pale pale, Magomeni ikiwa mfano unaojulikana. Nia ilikuwa njema. Hesabu ndiyo iliyokataa: ukibomoa nyumba moja ukajenga moja, umepata nyumba nzuri zaidi, lakini yule aliyeshuka jana stesheni na sanduku lake la bati bado hana pa kulala. Kufikia sensa ya 1967 Mkoa ulikuwa na watu 356,286. Sensa ya 1978 ikahesabu 843,090. Zaidi ya mara mbili, kwa miaka kumi na mmoja tu!

Watu hao walikaa wapi? Walikaa karibu na kazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilijengwa kwa msaada wa China mwishoni mwa miaka ya 1960 kando ya Barabara ya Morogoro, na Manzese ikafura. Viwanda vya Chang'ombe na Barabara ya Pugu vikavuta watu Keko, Vingunguti na Buguruni. Barabara ya Kilwa ikaipeleka Temeke hadi Mtoni na Mbagala. Mwenye shamba la minazi au mihogo alimkatia mgeni kipande, mjumbe wa nyumba kumi akashuhudia, karatasi ikaandikwa kwa kalamu, na nyumba ikaanza. Wakati huo Mpango Kabambe wa mwaka 1968, uliochorwa na wataalamu kutoka Kanada, ulikuwa umetundikwa ukutani ofisini. Mpango mwingine ukaja mwaka 1979, pia kwa kalamu ya Wakanada. Nyumba za Manzese hazikuwa zimeusubiri wala huo wa kwanza.

Tukumbuke pia kwamba katikati ya mbio hizo mji ulinyang'anywa mwenyewe wa kuusimamia. Mwaka 1972, kwa mpango wa madaraka mikoani, halmashauri za miji zilivunjwa. Zilirejeshwa mwaka 1978, wakati mitaro imeziba, takataka zimelundikana na kipindupindu kimekwishapiga hodi. Miaka sita ni michache katika kitabu cha historia, lakini kwa mji unaokua hivyo ni maelfu ya nyumba.

Hata hivyo, miaka hiyo hiyo ndiyo iliyotupa somo ambalo mpaka leo hatujalishika vizuri. Serikali ilibadili mawazo. Mwaka 1972 ilikubali kwamba mitaa iliyojengwa bila kupimwa isibomolewe, bali iboreshwe. Kisha, kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaja mradi wa viwanja na huduma. Ulikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja uliingia mahali ambapo nyumba zilikwisha kuwapo, Manzese kwanza, baadaye Mtoni na Tandika, ukapenyeza barabara, maji na shule. Mkono wa pili ulikwenda kwenye mapori na mashamba ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ukapima viwanja na kuacha barabara, kisha ukamwambia mwananchi: haya, jenga mwenyewe.

Leo Manzese na Sinza zipo Wilaya ya Ubungo, lakini wakati ule zote zilikuwa Kinondoni, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa mguu. Zimejengwa na Watanzania wale wale, kwa matofali yale yale ya kufyatua, tena nyingi bila mchoro wa mhandisi. Sinza teksi inakufikisha mlangoni. Manzese, ukiacha barabara zile zilizopenyezwa, unashuka na kuulizia. Tofauti haikuletwa na saruji. Ililetwa na upana wa njia ulioachwa kabla ya tofali la kwanza.

Najua wapo watakaonipinga kwamba Sinza si mfano mzuri, kwa kuwa viwanja vile vilikusudiwa watu wa kipato cha chini na wengi wakawauzia wenye nacho. Ni kweli, na ni dosari kubwa. Lakini itazameni vizuri maana yake. Mwenye nacho alikimbilia huko kwa sababu viwanja vya namna hiyo vilikuwa vichache. Chakula kikiwa sahani moja, mwenye kijiko kikubwa ndiye anayeshiba. Dawa yake ilikuwa kuongeza sahani, na sahani hazikuongezwa. Mradi ulipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za serikali nazo zilikuwa zimekauka.

Wenye umri wangu tulikuwa wadogo wakati huo, lakini tunakumbuka foleni za sukari na sabuni za magendo. Mwaka 1983 kulikuwa na Nguvu Kazi, watu wasio na kazi wakikamatwa na kurudishwa vijijini, na wengi walirudi mjini kabla vumbi la lori halijatulia. Mwaka huo huo mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi kubeba abiria, nayo daladala ikafanya kazi ambayo hakuna mchora ramani aliyeipanga: ikamwezesha mtu kukaa Mbagala na kufanya kazi Posta. Mji ukafuata magurudumu. Wapima ardhi walibaki ofisini, wengine hawana hata petroli.

Mji wa namna hii hufika kila mahali kabla ya kutarajiwa. Chukueni habari ya takataka. Jalala la Jiji lilikuwa Tabata. Wakazi walichoka na moshi na harufu, wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakashinda. Jalala likaishia Vingunguti, ambako watu nao walipiga kelele, likaenda Mtoni, Wilaya ya Temeke, mwishowe likapelekwa Pugu Kinyamwezi. Kila lilipohamishiwa, tayari palikuwa na watu au watu walikuwa njiani wanakuja. Au chukueni lile jambo zito zaidi la Mbagala. Maghala ya silaha ya jeshi yalizungukwa na nyumba pande zote. Tarehe 29 Aprili, 2009 mabomu yalilipuka, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Februari 2011 yakalipuka tena, safari hii Gongo la Mboto. Mtaa wenye njia pana huwaruhusu watu wakimbie. Mtaa wa vichochoro hukanyagisha watoto.

Msidhani kwamba tangu hapo hakuna kilichofanyika. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na kuwekwa Tume, iliyofanya kazi hadi mwaka 2000, na wengi tunakumbuka takataka zilivyopungua katikati ya mji. Hanna Nassif, Kinondoni, katika miaka hiyo ya 1990, wakazi wenyewe, wake kwa waume, walichanga fedha na kushika sururu kwa ujira, wakachimba mitaro na kutengeneza barabara zao. Kuanzia mwaka 2002 ukaja Mradi wa Viwanja 20,000, uliopima Bunju, Mbweni, Toangoma, Kibada, Gezaulole na kwingineko. Kuanzia mwaka 2004 zikatolewa leseni za makazi kwa wenye nyumba katika mitaa isiyopimwa. Leseni ilimpa mtu moyo, na wengine waliipeleka benki. Lakini karatasi haisogezi ukuta. Kichochoro cha futi nne kabla ya leseni kilibaki futi nne baada ya leseni.

Na gharama ya kuja nyuma ya nyumba ni kubwa kuliko tunavyokiri. Desemba 2011 mvua ilinyesha kwa siku chache, Bonde la Msimbazi likajaa, na zaidi ya watu 40 wakafa. Nilikuwa miongoni mwa waandishi waliokwenda Jangwani wakati huo. Nilichokiona ni magodoro juu ya mabati na mama mmoja anayeanika vyeti vya shule vya watoto wake kwenye waya, kimoja kimoja, kama nguo. Mto haukuwa umefanya kosa. Ulikuja kuchukua njia yake, ukakuta imejengwa. Baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na soko walilozoea na mbali na kibarua, na haikushangaza kwamba wapo waliorudi bondeni. Kisha mwaka 2017, ili kupanua Barabara ya Morogoro, nyumba nyingi kuanzia Kimara kwenda Kibamba ziliwekwa alama ya X na kubomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Waliolia pale walikuwa wastaafu waliozika kiinua mgongo chao ndani ya kuta zile.

Kwa upande mwingine, pale palipokuwa na nafasi, mambo yamekuwa mepesi. Mradi wa DMDP, ulioanza katikati ya muongo wa 2010, umeweka lami na mitaro katika mitaa mingi ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Mtaa uliopimwa umeweza kungoja lami miaka 50 ukiwa na vumbi lake, na lami ilipokuja ilikuta kitanda kimetandikwa. Njia ya vumbi inasubiri. Nyumba ikishaezekwa haiondoki bila machozi au bila fidia.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu sensa ya mwaka 2022 inatuambia jambo ambalo wengi hawakulitazama vizuri. Mkoa una watu 5,383,728. Kati ya mwaka 2002 na 2012 tuliongezeka kwa karibu asilimia 5.6 kwa mwaka, lakini kati ya 2012 na 2022 ni asilimia 2.1 tu. Msiseme mji umechoka. Mji umevuka mpaka. Watu wanaonunua viwanja wamekwishapita Chamazi, Chanika na Bunju, wapo Vikindu katika Mkuranga, wapo Kisarawe, wapo Kibaha, wapo Kerege upande wa Bagamoyo. Kule ndiko Manzese nyingine inakozaliwa, au Sinza nyingine. Bado haijaamuliwa ni ipi.

Na anayeamua ni nani? Nendeni siku ya Jumamosi mkatazame. Dalali anatangulia na fimbo, mnunuzi anafuata na mke wake, wanahesabu hatua 20 kwa 20 kwenye shamba la mikorosho. Mwenye shamba anataka kila hatua iuzwe. Mnunuzi naye hataki kulipia ardhi ambayo watu watapita. Anayewaza njia hayupo. Katika dakika kumi, kwa fimbo na maneno, wanachora mtaa ambao wajukuu wao watakaa humo. Hakuna Mpango Kabambe wenye nguvu kama fimbo ile.

Basi rai yangu ni ndogo na haihitaji mkopo wa nje. Halmashauri za pembezoni, na zile za Mkoa wa Pwani, zisianze na lami wala zisisubiri kumpimia kila mtu kiwanja. Zianze kwa kuchora barabara kuu na za mitaa na mabonde ya maji, zikaweke nguzo ardhini wakati bado kuna mihogo, na wenyeviti wa serikali za mitaa na vitongoji wapewe ramani hiyo waibandike ofisini, ili mauzo yoyote yanayoziba njia yasipigwe muhuri. Mwenye shamba alipwe haki yake kwa kile kinachochukuliwa, maana kuchukua bure ndiko kunakowafanya watu wang'oe nguzo usiku. Nafasi ikishaachwa ilindwe, kwani tumeona viwanja vya wazi ndani ya Jiji vikigeuka gereji na baa.

Na wewe mnunuzi, usiulize bei kwanza. Uliza njia ipo wapi, ina upana gani, na maji ya mvua yanakwenda wapi. Kama shamba limekatwa kwa watu kumi, kaeni watu kumi hao kabla hamjachimba msingi, kila mmoja atoe hatua mbili, mchange mmwite mpima ardhi aliyesajiliwa. Hatua mbili unazozitoa leo ni mihogo kidogo. Ukizidai baada ya miaka kumi ni ukuta wa jirani, ni baraza la ardhi la kata, ni uhasama wa kurithishana.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mji wetu methali hiyo imegeuka: tumeziba kila ufa kwa nyumba, na sasa tunabomoa kuta ili tupate pa kupita. Waliotutangulia Temeke na Magomeni hawakuwa matajiri kuliko sisi, na wengi wao kiwanja walipewa na serikali isiyowapenda. Itakuwa aibu kama sisi tunaojitawala tutawaachia watoto wetu wa Vikindu na Kerege mitaa myembamba kuliko ile aliyoiacha mkoloni.

Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.